Kuhesabu na Kulinda Ndege Wanaopungua Nairobi: Mwongozo Kamili kwa Mkazi wa Kawaida

Mbuga ya Taifa ya Nairobi ina ukubwa wa kilomita za mraba 117 tu, na ndani yake wameorodheshwa ndege wa aina zaidi ya 400. Ongeza Karura, Oloolua, City Park, mabwawa ya majitaka ya Ruai na miti ya nyumba za watu, utaona kwamba mkazi wa Nairobi anaishi katikati ya ndege ambao wageni huvuka mabara kuja kuwatazama. Wingi huo ndio unaotulaza usingizi. Ndege hawatoweki kwa siku moja. Leo unaona ishirini, miaka michache baadaye unaona wanane, na kwa kuwa bado wapo, hakuna anayeshtuka.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha hesabu za ndege wawindaji zilizofanywa kwenye barabara za Kenya miaka ya 1970 na zile za kuanzia 2003. Kati ya aina 22 zilizochunguzwa, 19 zilikuwa zimepungua. Tunajua hivyo kwa sababu kuna watu, miaka ile, waliohesabu walichokiona, wakaandika walikopita na umbali waliosafiri, na madaftari yao yakatunzwa. Kazi hiyo haihitaji shahada. Inahitaji mtu anayerudi mahali pamoja na kuhesabu kwa njia ileile, mwaka baada ya mwaka.

Hatua ya 1: Chagua eneo moja, kisha ukae nalo

Wanaoanza hupenda kuzunguka. Jumamosi hii Karura, ijayo Naivasha, mwezi ujao Magadi. Ni matembezi mazuri, lakini hayatakuambia nani anapungua. Chagua mahali unapoweza kufika kwa miguu au kwa matatu moja: kipande cha kingo za Mto Mathare, uwanja wa shule, Arboretum, sehemu ya Msitu wa Ngong Road, au hata mtaa wenu wenyewe. Eneo dogo unalolitembelea kila mwezi lina faida kuliko mbuga unayoiona mara moja kwa mwaka.

Tembea humo mara mbili tatu bila kuhesabu. Tazama miti mikubwa iko wapi, maji yanasimama wapi, nyasi zinakatwa na nani na lini. Kisha chora njia yako. Weka vituo vya kuhesabia, kila kimoja kiwe angalau mita 200 kutoka kingine ili usihesabu ndege yuleyule mara mbili. Vituo sita hadi kumi vinatosha asubuhi moja. Hifadhi kila kituo kwenye ramani ya simu, na uandike pia kwa maneno: "chini ya mugumo mkubwa, kando ya daraja la miguu". Simu huibiwa.

Kabla hujaanza, zungumza na wenye mahali. Karura na Ngong Road ni misitu ya serikali chini ya Kenya Forest Service, na ina vyama vya jamii vinavyoshirikiana nayo. Mabwawa ya Ruai yanaingiwa kwa ruhusa ya kampuni ya maji ya jiji. Mtaani, jitambulishe kwa mlinzi wa lango na mzee wa mtaa. Mtu aliyeshika darubini Nairobi huzua maswali, na maswali hayo ni ya haki. Arboretum inapakana na Ikulu, kwa hiyo usielekeze darubini wala kamera upande huo hata kama mwewe ametua ukutani. Fanya hivyohivyo karibu na kambi za jeshi. Kando ya mito, tembeeni wawili au zaidi, na mtu wa nyumbani ajue mko wapi.

Hatua ya 2: Jifunze ndege wa kila siku kwanza

Darubini ya 8x42 au 8x32 inafaa (8 ni mara inavyokuza, namba ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita). Kama huna, anza kwa macho na masikio, kisha uazime. Daftari, penseli (wino huchuruzika mvua ikinyesha) na saa ndivyo vilivyobaki.

Usianze na ndege adimu. Anza na shore, chozi anayenyonya maua, kwera anayesuka viota, tetere, mwewe, na kwarara wanaopiga kelele alfajiri juu ya mabati. Wafahamu hadi uwatambue kwa sauti wakiwa hawaonekani, kwa sababu msituni wengi utawasikia tu. Ukishawajua ndege ishirini au thelathini wa namna hii, ndege mgeni atajitenga mwenyewe masikioni mwako.

Shule nzuri kuliko zote iko pale Makumbusho ya Taifa. Nature Kenya, chama kilichotokana na jumuiya ya wanaasili iliyoanzishwa 1909, hufanya matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi. Fleur Ng'weno alianza kuyaongoza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na idadi ya Wakenya waliojifunza ndege nyuma yake haihesabiki. Kuna darubini za kuazimana na hakuna swali linalochekwa. Programu ya Merlin husaidia kutambua ndege kwa picha, lakini ichukue kama dokezo tu. Ikikuambia jambo la ajabu, muulize mtu.

Kwenye programu majina yamewekwa kwa Kiingereza na Kilatini. Andika pembeni ya daftari jina mnalolitumia ninyi mtaani, ili watoto na wazee waweze kuchangia walichoona.

Hatua ya 3: Jua ni nani anayepungua

Huwezi kuwafuatilia wote kwa uzito sawa, na wachache hawa wanastahili jicho la ziada hapa Nairobi.

Tumbusi ndio walioumia zaidi. Mwaka 2015 Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, iliweka aina nne za tumbusi wa Afrika katika daraja la mwisho la hatari, yaani zile zinazokaribia kutoweka porini. Miongoni mwao ni tumbusi mgongo-mweupe (*Gyps africanus*) na tumbusi wa Rüppell (*Gyps rueppelli*). Ukimwona mmoja akizunguka juu ya Athi au Ngong, andika saa, mahali na upande alikoelekea.

Karani tamba, yule ndege mrefu wa nyasi anayeua nyoka kwa mateke, aliwekwa daraja la walio hatarini mwaka 2020, pamoja na pungu, tai mwenye mkia mfupi, na tai mkubwa *Polemaetus bellicosus*. Korongo mwenye taji la dhahabu amekuwa katika daraja hilo tangu 2012. Hutaga kwenye vinamasi, na vinamasi ndivyo tunavyovikausha kwanza kila tunapotaka kujenga au kulima.

Kisha kuna *Euplectes jacksoni*, jamaa wa kwera, mdogo kuliko hao wote. Mvua zikija vizuri, dume mweusi mwenye mkia mrefu hurukaruka katika duara alilolikanyaga kwenye nyasi ili kumvutia jike. Anahitaji nyasi ndefu, zilizo wazi, bila miti mingi. Nitarudi kwake.

Usiwaache bundi, wala tai mkubwa wa msituni *Stephanoaetus coronatus*, anayewinda kima katika misitu ya jiji. Na uwaandike kunguru. Wa kwetu ana kifua cheupe. Ukiona mwenye shingo ya kijivu asiye na weupe wowote, huyo ni kunguru wa India aliyeenea pwani na kuharibu viota vya ndege wengine. Mpige picha na utoe taarifa Kenya Wildlife Service (KWS) upesi.

Hatua ya 4: Hesabu kwa njia ileile kila mara

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umalize kabla ya saa nne. Ukifika kituoni, tulia dakika mbili ndege wasahau nyayo zako. Kisha hesabu kwa dakika kumi kamili. Andika kila ndege uliyemwona au kumsikia, idadi, na kama yuko ndani ya mita 50 au mbali zaidi. Wanaopita angani bila kutua waandike safu ya peke yao. Dakika kumi zikiisha, funga daftari, hata kama ndege wa ndoto zako anatua dakika ya kumi na moja. Huyo mwandike pembeni kama nyongeza, lakini asiingie kwenye hesabu. Ukianza kuongeza dakika siku nzuri na kupunguza siku mbaya, takwimu zako zitakuwa zinapima hamu yako.

Andika pia hali ya hewa: mawingu, upepo, mvua, ukungu. Andika nani alikuwepo. Andika fujo: msumeno wa miti, mbwa, maombi ya kwenye kipaza sauti. Siku ya mvua au upepo mkali ahirisha, kwa sababu ndege watakuwepo na hutawasikia.

Na andika sifuri. Mwezi ambao hukumwona korongo hata mmoja ni taarifa kamili, mradi iwe wazi kwamba ulikuwepo, ulitafuta, na muda ulikuwa uleule.

Ndege wawindaji wana saa yao. Wanasubiri ardhi ipate joto ndipo wapande na hewa, kwa hiyo wahesabu kati ya saa nne asubuhi na alasiri, ukiwa mahali pa wazi au ukipita barabara ileile kwa mwendo uleule.

Ndege wa majini huhesabiwa kwa mafungu. Hesabu kumi mmoja mmoja, ukariri ukubwa wa kundi hilo kwa jicho, kisha ligawe kundi zima katika makumi. Kila Januari hufanyika sensa ya ndege wa majini barani Afrika, na Nairobi hushiriki. Wanaohitajika zaidi ni watu wa kuandika, hivyo hata asiyejua aina nyingi ana kazi ya kufanya pale.

Usitumie rekodi ya sauti kumwita ndege ajitokeze. Anaacha kiota au chakula ili apigane na adui asiyekuwepo. Ukigundua kiota cha tai au bundi, usikikaribie, usitangaze mahali kilipo, na zima taarifa ya mahali kwenye picha kabla hujaituma kwenye kundi la WhatsApp.

Hatua ya 5: Peleka takwimu mahali zitakapotumika

Daftari lililobaki kabatini halimsaidii ndege. Kenya Bird Map, mradi ulioanza 2013, umegawa nchi nzima katika miraba iitwayo pentadi, kila mmoja ukiwa na upana wa dakika tano za latitudo na longitudo, karibu kilomita tisa kwa tisa. Unapakua programu ya BirdLasser, unachagua mradi huo, na kila unapoona aina mpya unaibonyeza. Simu inahifadhi mahali na saa. Orodha kamili inataka angalau saa mbili za kutafuta kwa bidii ndani ya pentadi moja, ukipita makazi ya kila namna yaliyomo, na unaweza kuendelea kuongeza aina hadi siku tano. Orodha fupi ya njiani pia hupokelewa, ila huhifadhiwa tofauti.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba kabla yake ilikuwepo atlasi ya ndege wa Kenya iliyochapishwa 1989, kwa hiyo orodha yako ya Kayole au Kasarani inaweza kulinganishwa na hali ya zamani. Wengine hutumia eBird, programu nyingine ya kutunza orodha za ndege mtandaoni, nayo ni nzuri. Hesabu za vituo vyako zihifadhi kwenye jedwali la kompyuta, na nakala iwe kwa mtu mwingine.

Hatua ya 6: Soma namba bila haraka

Kipimo rahisi ni hiki. Chukua orodha zote za msimu mmoja, uone ni ngapi zilizomtaja ndege fulani. Tuseme umefanya orodha 20 na karani tamba yuko kwenye 5: kiwango chake ni asilimia 25. Mwaka unaofuata, msimu uleule, orodha 20 nyingine, yuko kwenye 2: asilimia 10. Usitangaze msiba bado. Labda nyasi zilikuwa ndefu akafichika, labda mvua ilimpeleka Kitengela. Ikiendelea kushuka mwaka wa tatu na wa nne, hapo una neno la kusema.

Linganisha Januari na Januari, masika na masika. Mbayuwayu wa Ulaya huwa nasi takriban Oktoba hadi Aprili. Ukilinganisha Februari na Julai utadhani wamekufa wote. Na ukibadilisha mtu anayehesabu, tembeeni pamoja mara kadhaa kwanza ili muone tofauti ya masikio yenu.

Hatua ya 7: Tengeneza makazi

Mti mmoja mkubwa uliopo una thamani kuliko miche mia inayopandwa na kuachwa ikauke. Mugumo ukizaa, hulisha njiwa, shore, hondohondo na wengine wengi kwa wakati mmoja. Mwaka 2020 mugumo mkongwe wa Waiyaki Way uliokuwa kwenye njia ya barabara ya juu uliokolewa kwa amri ya Rais baada ya watu kupaza sauti. Mingine mingi jijini haina wa kuipigia kelele, kwa hiyo orodhesha miti mikubwa ya eneo lako, na picha ya kila mmoja.

Ukipanda, panda ya kienyeji: mugumo na mukuyu penye nafasi na mbali na msingi wa nyumba, muringa, muhugu, mutamaiyu, na muhuti kwa ajili ya chozi. Shina lililokauka lisilohatarisha mtu liache, kwani vigong'ota huchimba viota humo na ndege wengine huvirithi. Ua wa kayaba ni ngome ya ndege wadogo dhidi ya paka. Upogoe msimu wa kiangazi, si mvua zinapoanza na viota vimejaa. Vichaka vya lantana ni magugu, kweli, lakini ukivifyeka vyote siku moja unawafukuza waliojificha humo. Ondoa kipande, panda vya kienyeji, subiri vikue, ndipo uendelee.

Sasa lile la nyasi. Serikali imeweka lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 13, 2023 ilitangazwa sikukuu ya kupanda miti. Naunga mkono kwa moyo wote panapokuwa pametoka msitu. Lakini tambarare za Athi na Kapiti, na sehemu kubwa ya mbuga yetu, ni mbuga za nyasi tangu asili. Karani tamba anawinda akitembea kwenye nyasi. *Euplectes jacksoni* anacheza kwenye nyasi. Ukijaza miti hapo umeharibu makazi yao kama aliyemwaga zege, na picha ya kupanda miche itapendeza gazetini. Chama chenu kikialikwa kupanda miti, ulizeni kwanza: hapa palikuwa na nini? Kama jibu ni nyasi, ombeni mwenye ardhi aache ziote, asichome kila mwaka, na apunguze waya wa ua. Upande wa kusini mbuga haina ua, na kila ploti inayozungushiwa waya kuelekea Kitengela inaziba njia ya wanyamapori.

Kwenye nyumba, vioo vikubwa huua. Ndege huona mti uliomo kiooni akaruka kuuelekea. Bandika nukta au mistari upande wa nje, isiyoachana zaidi ya sentimita tano. Stika moja ya mwewe katikati haisaidii kitu.

Hatua ya 8: Pambana na sumu

Dawa ya panya inayomwagwa mitaani humuua bundi anayekula panya aliyelegea. Jozi moja ya bundi hula panya wengi bila kulipwa, lakini bado tunawapiga mawe kwa kuwa tumeambiwa wakilia juu ya paa kuna atakayekufa. Zungumza na majirani kwa upole, hasa wazee. Usidharau imani ya mtu. Mweleze bundi anakula nini, mwonyeshe matapishi yake chini ya mti, yaliyojaa mifupa na manyoya ya panya.

Malishoni kuna jambo zito zaidi. Simba au fisi akiua ng'ombe, mwenye hasira hupaka mzoga dawa ya kuua wadudu, mara nyingi carbofuran. Tumbusi hushuka makumi kwa makumi, na mzoga mmoja huwamaliza wote. Ukikuta ndege waliokufa wamezunguka mzoga, usishike kitu kwa mikono mitupu, zuia mbwa na watoto, piga picha, andika mahali, na upige simu KWS mara moja. Usichome wala kuzika kabla hawajachukua sampuli. Ndege mwindaji aliyejeruhiwa mfunike kwa kitambaa kizito, mweke kwenye boksi lenye giza na matundu, usimpe chakula wala maji ya kumimina mdomoni, na uwaulize KWS wa kumpeleka. Kenya Bird of Prey Trust, Naivasha, ina kituo cha kuwatibu.

Hatua ya 9: Simama na takwimu zako mbele ya wanaoamua

Siku itafika ambapo eneo lako litatakiwa kwa barabara, ghorofa au soko. Miradi mikubwa hupaswa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mazingira ya 1999, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, hutangaza ripoti ili umma utoe maoni. Yeyote anaweza kuandika. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani. Kuhusu mito, kanuni zinataka ukingo wa mita 6 hadi 30 uachwe kutoka maji yalikofika juu zaidi.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Taja eneo na ramani yake, umehesabu tangu lini na kwa njia gani, aina zilizomo kwenye Orodha Nyekundu, na mwelekeo wa namba. Ambatisha jedwali na picha. Usiandike "ndege wengi sana". Andika ni wangapi, mwezi gani, kituo gani. Kisha sema unachotaka: ukingo uongezwe, mti fulani usikatwe, ujenzi usubiri viota viishe. Ombi dogo lililo wazi hujibiwa kuliko lalamiko kubwa. Peleka nakala Nature Kenya, kwa chama cha msitu husika na kwa mwakilishi wa wadi, na uhifadhi muhuri wa kupokelewa.

Halafu, watu wa Nairobi huhama. Kodi ikipanda au kazi ikibadilika unajikuta Ruiru au Rongai. Tangu mwanzo mchukue kijana mmoja au wawili wa mtaani watembee nawe, wajue kila kituo kilipo, wawe na nenosiri la jedwali na nakala ya ramani. Siku ya kuhama, hesabu ya mwezi ule ifanyike kwa mkono wao.